Vilima Havikumshinda

Kaskazini mwa nchi ya Italia, kati ya bandari ya Genoa na uwanda mpana wa mto Po, ipo safu ya vilima ambavyo huitwa kwa jina la mji ulio chini yake, yaani Tortona. Si milima ya kutisha. Mtu aliyezaliwa penye milima mirefu angeweza hata kuvicheka. Lakini kila kilima kimepandwa mizabibu ubavuni, kwa mistari iliyonyooka kama askari gwarideni, na juu ya mgongo wake kimekaa kijiji cha mawe chenye kanisa na mnara. Barabara iendayo huko haikai sawa hata kwa nusu kilomita. Hupanda, hupinda, hushuka hadi kijitoni, huvuka daraja, kisha huanza kupanda upya.

Wenyeji hawakujenga juu kwa kupenda taabu. Mizabibu huupenda ubavu wa kilima kwa sababu maji ya mvua hayatuami mizizini na jua huyafikia majani yote. Tena, katika zama za vita, aliyekaa juu alimwona adui mapema. Na katika sehemu nyingi za Italia ilikuwako sababu ya tatu: mabondeni palikuwa na vinamasi, na penye vinamasi palikuwa na homa. Wataliani wa kale walidhani kwamba homa hiyo huletwa na uvundo wa maji yaliyotuama, wakaiita "mala aria", maana yake hewa mbaya. Ndilo neno lile lile ambalo leo kila mama wa Afrika ya Mashariki hulitaja mtoto wake anapochemka mwili usiku.

Kijiji kimoja kati ya hivyo ni Castellania, ambacho wakazi wake leo hawafiki mia moja. Hapo, tarehe 15 Septemba 1919, majira ya kuvuna zabibu, mkulima Domenico Coppi na mkewe Angiolina walipata mtoto wa kiume, wakampa jina la Fausto. Alikuwa wa nne kati ya watoto watano. Shamba lilikuwa dogo, vinywa vilikuwa vingi, na mtoto mwenyewe hakuwa na afya ya kusifiwa. Alikuwa mwembamba, kifua kimetokeza kama cha ndege, miguu mirefu isiyolingana na kiwiliwili. Akiwa bado mwanafunzi aliikuta nyumbani baiskeli mbovu, yenye kutu na isiyo na breki, akaitengeneza kwa mikono yake. Tangu siku hiyo mwalimu alianza kukiona kiti chake kitupu mara kwa mara.

Alipotimiza miaka 13 aliacha shule, akaenda kufanya kazi kwa muuza nyama katika mji wa Novi Ligure, kiasi cha kilomita 20 kutoka kwao. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja nyama na soseji majumbani, kwa baiskeli. Kwenda mjini na kurudi kijijini vilevile kulikuwa kwa baiskeli. Asubuhi aliteremka, na jioni, baada ya kutwa nzima ya kupeleka vifurushi, kilima kilikuwa kikimngoja.

Hapa yafaa kueleza kidogo kwa nini kilima humfunza mwendesha baiskeli jambo ambalo uwanda hauwezi kumfunza. Penye tambarare adui mkubwa wa mwenda mbio ni upepo. Anayejibanza nyuma ya mwenzake hupata kinga, akasafiri kwa nguvu chache kuliko yule aliye mbele. Ndiyo sababu mbio za tambarare mara nyingi humalizika kwa kundi zima kufika pamoja. Barabara ikiinuka, mwendo hupungua, upepo hauna tena nguvu ya kuzuia, na adui mpya huwa uzito. Mwinuko wa asilimia 8 maana yake ni kwamba katika kila mita 100 za barabara mtu hujiinua mita 8, yeye na baiskeli yake. Akienda kilomita 5 za mwinuko huo amejiinua mita 400, kana kwamba amepanda ngazi za jengo lenye ghorofa zaidi ya mia. Hapo hakuna wa kujificha nyuma yake. Vilima vya mizabibu, ijapokuwa ni vifupi, vina ukorofi wao wa pekee. Katika mlima mrefu mtu hupata mwendo wake akautunza, lakini huku, kabla pumzi haijatulia, mteremko umekwisha fika, na kabla miguu haijapoa, mwinuko mwingine umeanza. Kijana aliyeipita njia ya namna hiyo kila siku akiwa na kapu la nyama hakuhitaji kiwanja cha mazoezi.

Katika duka hilo alifahamiana na mtu aliyebadili maisha yake. Biagio Cavanna alikuwa mkandaji wa wachezaji, naye alikuwa kipofu. Alikuwa amemkanda Costante Girardengo, bingwa mkubwa wa baiskeli aliyezaliwa Novi Ligure mwaka 1893. Cavanna hakuweza kumwona kijana huyu na umbo lake la kuchekesha, na labda hiyo ilikuwa bahati. Alimpapasa misuli, akayahesabu mapigo ya moyo wake, akasikiliza jinsi alivyovuta pumzi, akaridhika. Walioona kwa macho walikuwa wakisema kwamba kijana hana mwili wa mwanamichezo.

Mwaka 1940 Coppi aliajiriwa na timu ya Legnano. Hakuajiriwa awe bingwa. Bingwa alikuwapo, jina lake Gino Bartali, mtu wa karibu na Florence, ambaye alikuwa amekwisha shinda mbio za kuizunguka Italia mara 2 na za kuizunguka Ufaransa mara 1. Coppi aliajiriwa kama "gregario". Neno hili askari watalifahamu upesi, kwa kuwa asili yake ni jina la Kilatini la askari wa kawaida asiye na cheo. Kazi ya gregario ni kumkinga mkubwa wake na upepo, kumletea maji, na hata kumpa gurudumu lake likipasuka la mkubwa. Lakini katika siku za mwanzo wa mbio za Italia za mwaka huo Bartali aligongana na mbwa, akaumia. Katika hatua ya kutoka Florence kwenda Modena, inayovuka milima penye mvua na baridi, yule gregario aliwaacha wote, akavaa fulana ya waridi ya kiongozi na hakuivua tena. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mpaka leo hajatokea mshindi wa mbio hizo aliye mdogo kuliko yeye.

Mbio zilikwisha mjini Milan tarehe 9 Juni 1940. Siku iliyofuata, tarehe 10 Juni, serikali ya Mussolini ilitangaza vita.

Coppi aliandikishwa katika jeshi la miguu, akafikia cheo cha koplo. Mwanzoni alikaa karibu na kwao na aliruhusiwa kushindana. Tarehe 7 Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli mjini Milan, mji ambao majuma machache kabla ulikuwa umepigwa mabomu, alijaribu rekodi ya mwendo wa saa moja. Alikwenda kilomita 45.798, akamzidi Mfaransa aliyekuwa na rekodi hiyo kwa mita 31 tu. Ni kitu kidogo, urefu wa ua wa shule, lakini rekodi ile ilidumu mpaka mwaka 1956.

Rekodi haikumwokoa na amri. Mwezi wa Machi 1943 alipelekwa Afrika ya Kaskazini, na mwezi wa Aprili alitekwa na Waingereza huko Tunisia. Alikaa karibu miaka 2 katika kambi za wafungwa wa vita, akifanya kazi alizopewa. Askari mmoja Mwingereza, mpenzi wa mbio za baiskeli, alisimulia jinsi alivyostaajabu alipokaa kitini kunyolewa nywele akagundua kwamba kinyozi wake ni Fausto Coppi. Mwanzoni mwa 1945 alirudishwa Italia ya kusini, akawa mtumishi wa ofisa wa Kiingereza. Vita vilipokuwa vikielekea mwisho alishika njia ya kwao, sehemu kwa baiskeli na sehemu kwa kudandia malori, mamia ya kilomita katika nchi iliyobomolewa madaraja, hata akakifikia tena kilima cha Castellania.

Mwaka 1946, tarehe 19 Machi, mbio za kutoka Milan kwenda San Remo zilifanywa tena baada ya vita. Njia yake ni ya takriban kilomita 290, nayo hupita Tortona na Novi Ligure, chini kabisa ya vilima vya kwao, kabla ya kupanda pito la Turchino na kuteremka baharini. Coppi aliondoka mapema na wachache, akawaacha mmoja mmoja, akafika San Remo peke yake. Wa pili alifika baada ya dakika 14. Watu waliokuwa wamezoea kupokea habari za maangamizi tu walikuwa na kitu kingine cha kusikiliza redioni.

Ushindi uliofuata ni mwingi, na kuuorodhesha wote kungechosha. Alishinda mbio za Italia mara 5 kwa jumla na za Ufaransa mara 2. Mwaka 1949 alikuwa mtu wa kwanza kuzishinda zote mbili katika mwaka mmoja. Siku inayokumbukwa zaidi ni tarehe 10 Juni 1949, baina ya Cuneo na Pinerolo, ambapo alivuka mapito 5 ya milima ya Alps na kwenda kilomita 192 akiwa peke yake. Bartali, ambaye zamani alikuwa bwana wake na sasa mpinzani wake, alifika wa pili kwa tofauti ya karibu dakika 12.

Hata hivyo kusema kwamba alikuwa peke yake si kusema kweli yote. Nyuma yake walikuwapo watu wa vilima vile vile. Mmoja alikuwa Andrea Carrea, aliyezaliwa Gavi, mji mdogo karibu na Novi Ligure unaosifika kwa mvinyo mweupe. Carrea alikuwa amepitia kambi ya mateso ya Buchenwald, akatoka hai. Katika mbio za Ufaransa za 1952 alitumwa kuwafuata wapinzani waliochomoka mbele, akatii. Jioni akaambiwa kwamba kwa hesabu ya muda yeye ndiye kiongozi wa mbio nzima, hana budi kuvaa fulana ya manjano. Mtu aliyestahimili Buchenwald alilia machozi, akaenda kumwomba radhi Coppi, akiogopa kwamba amemkosea adabu mkubwa wake. Coppi alimpongeza. Kesho yake mkubwa mwenyewe alishinda mlimani Alpe d'Huez, akaichukua fulana hiyo, na yasemekana aliyefurahi kupita wote alikuwa Carrea.

Mwingine alikuwa mdogo wake, Serse, mtu wa kicheko, asiye na kipaji kikubwa cha mbio lakini ambaye Fausto hakuweza kusafiri bila yeye. Tarehe 29 Juni 1951, karibu na mwisho wa mbio za Piemonte mjini Turin, gurudumu la Serse lilinaswa katika reli ya tramu. Alianguka, akagonga kichwa, akainuka, akamaliza mbio, akarudi hotelini kwa baiskeli yake. Hakuonekana kuwa na jeraha la maana. Jioni hali ilibadilika ghafla, akafa. Damu ilikuwa ikivuja ndani ya fuvu. Siku hizo waendeshaji hawakuvaa kofia ngumu. Walivaa vikofia vya kitambaa, au hawakuvaa chochote.

Kuhusu ndoa ya Coppi iliyovunjika, na yule mwanamke ambaye magazeti yalimwita Bibi Mweupe, na kesi ya mwaka 1955 katika nchi ambayo sheria yake wakati ule ilihesabu uzinzi kuwa jinai, wino mwingi ulimwagwa. Yatosha kusema kwamba nyumba mbili ziliumia, na watoto hawakuulizwa maoni yao.

Mwishoni mwa 1959 Coppi alikuwa na miaka 40, nguvu zimepungua, lakini jina lake bado lilivuta watu. Alialikwa pamoja na mabingwa wengine, wengi wao Wafaransa, kwenda Volta ya Juu, nchi ambayo tangu 1984 inaitwa Burkina Faso. Nchi hiyo ilikuwa ikiadhimisha mwaka mmoja wa kuwa jamhuri. Mbio zilifanywa mjini Ouagadougou tarehe 13 Desemba, na baada yake wageni walikwenda kuwinda. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Raphaël Géminiani, Mfaransa mwenye asili ya Kitaliani. Usiku mbu walikuwa wengi.

Msomaji anayeishi penye mbu amekwisha jua habari hii inakoelekea. Kwa aina ya malaria iliyo kali kuliko zote, ile ya falsiparamu, baina ya kuumwa na mbu na kuugua hupita kwa kawaida kama majuma mawili. Kwa hiyo msafiri hurudi kwao akiwa mzima, hula sikukuu na jamaa, naye amekwisha sahau mbu wale. Ndivyo ilivyokuwa. Coppi aliugua baada ya Krismasi. Alikuwa na homa kali, baridi ya kutetemesha na kutapika. Madaktari walidhani ni mafua makali, kisha wakadhani ni homa ya mapafu, wakamtibu hivyo. Wakati huo huo huko Ufaransa Géminiani naye alikuwa kitandani, hajitambui. Lakini damu yake ilipimwa, vidudu vya malaria vikaonekana, akapewa kwinini. Inasimuliwa kwamba habari ya ugonjwa wake ilipigwa simu Italia, ili wajue kwamba wawili waliolala chumba kimoja huenda wanaugua kitu kimoja, lakini haikutiwa maanani. Tarehe 1 Januari 1960 Coppi alipelekwa hospitali ya Tortona. Alifariki asubuhi ya tarehe 2.

Linalouma zaidi ni mahali jambo hili lilipotokea. Mji wa Pavia uko mwendo mfupi kaskazini ya Tortona, mtu wa mazoezi ya Coppi angefika huko kwa baiskeli kabla jua halijawa kali. Katika chuo kikuu cha Pavia, mwaka 1885 na 1886, Camillo Golgi aliichunguza damu ya wagonjwa wa homa, akaonyesha kwamba mtetemeko wa malaria huja wakati vidudu vinapopasua chembe nyekundu za damu kwa pamoja. Vidudu vyenyewe vilikuwa vimegunduliwa mwaka 1880 nchini Algeria na daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran. Mwaka 1898 Mtaliani mwingine, Giovanni Battista Grassi, na wenzake walithibitisha kwamba mbu wa jamii ya anofelesi ndiye anayewaambukiza binadamu. Ugonjwa ulipewa jina kwa Kitaliano, ukachunguzwa na Wataliani, na hospitali za Italia zilijaa wagonjwa wake kwa karne nyingi. Lakini baada ya vita, hasa tangu 1947, kazi kubwa ya kupulizia dawa ya DDT ilikuwa imeuondoa karibu wote. Daktari wa kaskazini mwaka 1960 alikuwa na haki ya kutouona mwaka mzima. Nchi iliyoushinda ugonjwa ilikuwa imeanza kuusahau.

Swali moja lingetosha: bwana huyu ametoka wapi? Tone moja la damu juu ya kioo lingelijibu lililobaki, na kwinini haikuwa haba wala ghali. Familia za askari zinalifahamu jambo hili kuliko watu wengine, kwa sababu baba wa nyumba hupelekwa kulinda mpaka wa mbali au kutumikia nchi ya kigeni, akarudi nyumbani na begi lake na furaha yake, na homa ikamfika majuma kadhaa baadaye mahali ambapo hakuna anayeifikiria. Tena aliyekaa muda mrefu penye baridi, pasipo mbu wengi, mwili wake hupoteza ile kinga iliyojengwa na kuumwa mara kwa mara, naye huweza kuzidiwa haraka kama mgeni. Leo kipo kipimo kidogo cha haraka kitoacho jibu kwa muda wa nusu saa hivi, na zipo dawa za mseto zenye asili ya mmea wa artemisia ambazo zimechukua nafasi ya kwinini katika matibabu ya kawaida. Hakuna kimoja kati ya hivyo kinachofaa kitu ikiwa mgonjwa hakusema, au mkewe hakumsemea, kwamba mwezi uliopita alikuwa wapi.

Mwaka 2002 ulizuka uvumi kwamba Coppi alipewa sumu Afrika. Mahakama ya Tortona ilifungua uchunguzi, haikupata ushahidi, ikaufunga. Baadhi ya watu huona ni afadhali kumtuhumu mtu wa mbali kuliko kumtuhumu mbu.

Siku ya mazishi maelfu ya watu waliipanda barabara ya Castellania kwa miguu, katika baridi ya Januari, kati ya mizabibu isiyo na majani. Fausto na Serse wamelala huko pamoja. Nyumba yao imekuwa jumba la kumbukumbu, na tangu 2019 kijiji chenyewe kinaitwa rasmi Castellania Coppi. Kila mwaka, theluji ikiisha, waendesha baiskeli kutoka nchi nyingi huja kuipanda njia aliyopanda mtumishi wa duka la nyama. Wengine huja na baiskeli za chuma za zamani na fulana za sufu, kwa makusudi ya kuonja taabu ya wakati ule. Wengi husimama njiani kuvuta pumzi, wakitazama zabibu za Barbera na Timorasso kana kwamba zabibu ndizo zilizowasimamisha.

Tarehe 1 Julai 2024 mbio za kuizunguka Ufaransa, ambazo mwaka huo zilianzia Italia, zilipita huko. Hatua ya siku hiyo ilikuwa ya kutoka Piacenza kwenda Turin, kilomita 230 na zaidi. Mwinuko wa kwanza uliohesabiwa ulikuwa Tortona, nao ulipewa jina la Fausto Coppi. Baadaye njia ilipanda Barbaresco, katika vilima vingine vya mizabibu vyenye sifa duniani kote, kabla ya kuteremkia tambarare ya Turin. Kundi lilifika mjini pamoja, baadhi wakaanguka karibu na mwisho, na katika msukumo wa mita za mwisho aliyetangulia alikuwa Biniam Girmay, kijana wa Asmara, nchi ya Eritrea. Tangu mbio za Ufaransa zilipoanza mwaka 1903, hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hatua hata moja mpaka siku hiyo.

Eritrea ilitawaliwa na Italia hadi 1941, na baiskeli za mbio zilipelekwa huko na Wataliani, ambao hapo awali waliwakataza wenyeji kushindana nao. Mwaka 1939 waliruhusiwa mara moja, ili ionekane nani bora, na mshindi akawa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Girmay mwenyewe alikuwa amekwisha wahi kushinda Italia, Mei 2022, mjini Jesi, penye vilima vya zabibu za Verdicchio. Alipofungua chupa ya mvinyo wa kushangilia, kizibo kilifyatuka kikampiga jichoni, akalazimika kuziacha mbio zile. Miaka 2 baadaye, jijini Turin, chupa ilifunguliwa kwa uangalifu zaidi. Alishinda hatua nyingine 2, akafika mwisho wa mbio mjini Nice akiwa amevaa fulana ya kijani ya mwenye pointi nyingi kuliko wote.

Mbio hizo zilikuwa bado barabarani, siku ya 4 baada ya kuupanda mwinuko wa Coppi, ilipotoka habari kwamba Raphaël Géminiani amefariki dunia, tarehe 5 Julai 2024. Alikuwa na umri wa miaka 99.